Mama anataka niende chuo na nyumba nzima

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi na wazazi wangu nje kidogo ya mji wa Njombe. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu wa sayansi, mkopo nimepata, na wiki iliyopita nimeona nimepangiwa kitanda kwenye hosteli za Magufuli pale Mlimani. Naondoka mwanzoni mwa Novemba. Dar sijawahi kufika.

Shida yangu ni mzigo. Mama alianza kununua vitu siku ile ile matokeo yalipotoka na mpaka leo hajaacha. Sebuleni sasa hivi kuna tranka langu la kidato cha tano na sita, ambalo baba amelipaka rangi upya na kuandika jina langu kwenye mfuniko. Kuna mablanketi mawili mazito, yale ambayo huku kwetu mwezi wa saba hulali bila hayo. Kuna godoro, ndoo mbili, beseni, sufuria tatu, pasi, na jiko la umeme la sahani moja alilotuletea shangazi wa Makambako. Kuna nusu gunia la viazi, debe la maharage, unga kilo 20 na parachichi. Masweta sijahesabu. Madaftari yangu yote ya sekondari yamefungwa kamba. Juzi mama kaja na fagio la chelewa na kwanja! Nikamuuliza kwanja la nini, akasema, "Ulipokwenda kidato cha tano si walilitaka?"

Nikisema vitu vimezidi anasema nimeanza kujiona kabla hata sijafika mjini. Jana alitokwa machozi. Anasema yeye alipokwenda kusoma aliazima begi, na hataki mwanawe achekwe. Baba yuko kimya. Kaka anasema nipande na vyote, konda atapakia, na yeye atanisindikiza mpaka Dar kusaidia kubeba. Hapo ni nauli yake ya kwenda na kurudi, Shangazi.

Dada mmoja wa kwaya yetu anayesoma pale mwaka wa pili kanipigia simu akaniambia chumba ni cha watu wanne, vitanda ni dabo deka, kila mtu ana kabati jembamba, na kwa ghorofa niliyopangiwa nitapanda ngazi hasa. Kasema nije na begi moja. Begi moja kwa miaka mitatu?

Mama mdogo anaishi Kimara, nitalala kwake siku ya kufika. Mama alitenga Sh 250,000 za vifaa, ameshatumia kama 90,000. Nisaidie: nibebe nini, niache nini, nifungashe vipi, na mama nimwambieje asiumie.

Binti wa Mzigo, Njombe

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mama naye mfikishie kamwene yangu, maana nimemwelewa kuliko unavyodhani. Lakini kwanja lirudi stoo leo hii, kabla hatujaendelea.

Ukitazama vizuri hilo rundo la sebuleni utaona mama hajachanganyikiwa. Anafungasha kwa kufuata orodha pekee aliyowahi kuiona, ile ya sekondari ya bweni. Bweni ndilo lililodai kwanja, fagio la chelewa, ndoo mbili na tranka la kufuli, kwa sababu nyasi mlifyeka wenyewe, geti lilifungwa, na duka la karibu mlilisikia tu kwa walimu. Mtoto akishaingia, kilichosahaulika kimesahaulika mpaka likizo. Chuo kikuu geti liko wazi. Kutoka Mlimani unapanda daladala kwenda Mwenge, Sinza au Manzese ukanunua beseni jioni ile ile, na huenda kwa bei nafuu kuliko ya Njombe, kwani bidhaa za plastiki nyingi za madukani huko kwenu zimetokea Dar. Umlipe konda aurudishe mjini mzigo uliotoka mjini?

Kwa hiyo usifungashe kwa ajili ya miaka mitatu. Fungasha kwa ajili ya safari, usiku wa kwanza na wiki mbili za mwanzo. Kila kitu kilichopo sebuleni kiulize swali moja: nitakitumia ndani ya siku kumi na nne? Kikijibu ndiyo, na kukinunua Dar ni gharama au usumbufu, kinapanda basi. Kikijibu hapana, kinabaki, hata kama ni kipya na bado kina lebo.

Nimesema wiki mbili kwa sababu ya bumu, yaani ile fedha ya kujikimu ya mkopo. Mkopo umepata, vizuri, na fedha hiyo ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asipange maisha akidhani ataikuta mezani siku ya kuripoti. Kuna usajili, kuna akaunti ya benki, kuna kusaini. Katika siku hizo unaishi kwa ulichokwenda nacho, na hapo mama ana haki ya kuhangaika. Usimwone mshamba.

Sasa tuyachambue mablanketi, maana ndiyo yanayokula nafasi kubwa. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Dar iko baharini kabisa. Novemba utakayofika ni mwanzo wa miezi ya joto kali, na litakaa hadi Machi. Utalala na shuka moja, na usiku mwingine hata hiyo utaitupa miguuni. Mwezi wa sita na wa saba Dar hupoa kidogo, lakini "baridi" ya watu wa Dar wewe utaichekea, khanga mbili zinaitosha. Mablanketi yote mawili yabaki. Masweta acha yote isipokuwa moja jepesi, tena hilo usilifungashe, livae. Basi litaondoka alfajiri kwa baridi ya Njombe, na ukishateremka Kitonga utalivua lenyewe. Na raba zako nzito vaa miguuni, kwenye begi weka sendozi.

Badala ya blanketi kuna kitu ambacho mama hakukitaja hata mara moja, nami sishangai: chandarua. Huko kwenu mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi, mtu anaweza kukua mpaka kidato cha sita bila kulala ndani ya neti. Dar wamejaa. Na wewe uliyekulia milimani mwili wako haujazoea malaria, ikikupata inaweza kukupiga vibaya kuliko wenzako wa Pwani. Nenda na chandarua siku ya kwanza, tena kiwe cha pembe nne. Cha duara kinataka ndoano ya dari, na ukipangiwa kitanda cha chini cha dabo deka dari yako ni chaga za mwenzako. Cha pembe nne unakifunga kwenye nguzo nne za kitanda, umemaliza, kwa hiyo weka na kamba mita chache. Ukipata homa wiki za mwanzo nenda zahanati ukapimwe, usimeze dawa ya mseto kwa kubahatisha wala usiseme ni uchovu wa safari.

Jiko la umeme mrudishie shangazi wa Makambako kwa heshima zote. Hosteli nyingi za vyuo haziruhusu kupika chumbani, na hita za kuchemshia maji ni vivyo hivyo. Soma masharti uliyotumiwa pamoja na barua ya udahili. Utawaona watakaopika kwa kujificha, mlango umefungwa na taulo limeziba chini. Hao waache. Waya mmoja ulioungua kwenye ghorofa lenye mamia ya wasichana waliolala ni jambo ambalo sitaki hata kuliandika.

Jiko likiondoka, sufuria tatu zinaondoka nalo, na viazi, na maharage, na unga. Najua hapo ndipo mama atakapoinua sauti. Mwambie taratibu kwamba viazi vya Njombe ni vitamu kwa sababu vimekaa Njombe. Kwenye chumba chenye joto la Dar, chini ya kitanda, vitachipua au kuoza kabla hujajua jina la mwalimu wako wa kwanza, na harufu yake utaimiliki wewe mbele ya wenzako watatu. Utakula kafeteria na kwa mama ntilie kama wanafunzi wote. Chakula cha kubeba ni kile kisichotaka moto: karanga za kukaanga, na parachichi nne au tano ngumu kabisa, zifungwe katikati ya nguo, maana joto litaziivisha haraka. Unga wa lishe uliosagwa vizuri kilo mbili ubebe endapo tu utakuwa na mahali halali pa kupata maji ya moto, la sivyo mpe mama mdogo, atakupikia uji ukienda kumsalimia. Debe la maharage pia mpelekee mama mdogo kama lazima litoke nyumbani. Anakulaza na atakuhifadhia vitu, na mtu hafiki kwa mama mdogo mikono mitupu.

Tranka. Hili nimelifikiria, kwa kuwa baba amelipaka rangi na ameandika jina, na baba mkimya akishika brashi ujue amesema mengi. Hata hivyo libaki. Tranka tupu peke yake ni zito, pembe zake zinachana begi la jirani na mapaja yako kwenye ngazi, halikunjiki likiwa tupu, na uvungu wa dabo deka mara nyingi ni mfupi kuliko mnavyodhani. Kazi yake ya bwenini ilikuwa kufunga vitu kwa kufuli. Chuoni kabati lako ndilo litakalofanya kazi hiyo, kwa hiyo nunua kufuli nzuri, si ya bei ya chini kabisa, na funguo zake mbili uzitenganishe. Tranka litakuwa stoo yako ya Njombe. Vyote ulivyoambiwa uache viingie humo: blanketi, masweta, madaftari, sufuria moja ya siku za usoni. Mama ndiye atakayeshika ufunguo. Ukihitaji kitu, anakitoa, anakifunga, anakituma kwa basi, nawe unakifuata stendi. Vifurushi kutoka Njombe hufika Dar kwa njia hiyo kila siku, mradi jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe kwa maandishi makubwa, na risiti apige picha akutumie.

Madaftari yenyewe usiyabebe. Chagua mada unazozipenda au zinazokutisha, zipige picha kwa simu, yabaki tranka.

Kuhusu godoro, soma maelekezo ya chuo au muulize yule dada wa kwaya kama vitanda vina magodoro. Yakiwepo, maneno yamekwisha. Yasipokuwepo bado usisafiri nalo. Pima upana wa kitanda kwanza, vingi vya namna hiyo ni futi mbili na nusu kwa sita, kisha ununue Manzese ukiwa na mama mdogo, bajaji ilipeleke mpaka mlangoni.

Ukishatoa hivyo vyote utaona rundo limebaki dogo, na hapo ndipo tufungashe. Nataka uwe na vitu vitatu tu: begi moja la magurudumu, ndoo moja, na mkoba wa mgongoni. Ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba, shangazi kaja, (jina hilo halinihusu mimi) beba mmoja ukiwa umekunjwa ndani ya begi. Utakufaa likizo ya kwanza.

Ndoo mama hakukosea, ila itoshe moja, ya lita 20, yenye mfuniko. Kama hizo mlizonunua zina mifuniko, chukua moja na uigeuze kuwa sanduku. Ndani yake weka kila kinachoweza kuvunjika, kuvuja au kunukia: sabuni, mafuta, dawa ya meno, kikombe, sahani, kijiko, chupa ya chai, karanga, pedi za miezi miwili. Chupa ya chai ijaze soksi na nguo za ndani, kikombe kiingie ndani ya taulo. Chupa za mafuta zifunge midomo kwa gundi ya karatasi na zisimame wima. Kisha funga mfuniko kwa kamba. Ndoo haipenyi mvua, na Novemba ni msimu wa vuli, haipondwi ikiwekewa begi juu, ina mshikio wake, na siku maji yakikatika hosteli utakuwa binti mwenye akiba. Beseni liache. Kufulia utatumia ndoo hiyo hiyo mpaka ununue.

Kwenye begi la magurudumu nguo zisikunjwe kama za kabatini, zivingirishe zikaze kama chapati za kubeba. Zikivingirishwa hivyo hazikunjamani sana na unaona zote bila kupekua. Vizito viwe chini upande wa magurudumu, la sivyo begi litakuangukia kila unapolisimamisha. Nguo ni za siku saba hadi nane, kwa hesabu ya kufua mara moja kwa wiki: sketi na magauni ya heshima ya darasani, kwa sababu vyuo vyetu vina taratibu za mavazi, blauzi nyepesi za pamba, suruali moja au mbili, nguo moja nzuri ya kanisani ambayo ndiyo utakayovaa pia siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa, na nguo za kulalia za adabu, kwa kuwa unalala na watu watatu usiowajua. Nguo za ndani zidisha. Nguo za juu punguza, kisha punguza tena. Dar ina mitumba ya Karume na Manzese, na baada ya mwezi mmoja utataka kuvaa wanavyovaa wenzako hata kama leo unaapa hutaki.

Shuka jozi mbili na foronya zake. Mto acha, utaununua. Na khanga au vitenge, hapo usinisikilize habari za kupunguza, chukua jozi tatu. Khanga ni shuka, ni taulo la dharura, ni vazi la kwendea bafuni, inazungushia chupa isivunjike, na ukiwa kitanda cha chini unaitundika ubavuni ikawa pazia. Katika chumba cha watu wanne pazia hilo litakupa faragha yote utakayokuwa nayo. Vyuoni kwetu pia kuna kubebana: rafiki wa mwenzako aliyekosa kitanda anakuja kulala "siku mbili" zinazogeuka muhula, na chumba cha wanne kinakuwa cha watano au sita. Mwenye vitu vichache hapo anapumua.

Mkoba wa mgongoni usiingie kwenye buti la basi, wala usiupandishe juu ya kichwa chako ukalala. Ukae mapajani. Humo kuna vyeti halisi vyote, yaani cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, na cha sita kama kimetoka au karatasi ya matokeo, barua ya udahili, fomu ya afya iliyojazwa na daktari na kugongwa muhuri, kitambulisho au namba ya NIDA, kadi ya bima kama unayo, na picha ndogo nyingi kuliko ulizoambiwa. Kila karatasi iwe na nakala kadhaa, na nakala zisikae pamoja na halisi. Nakala ziende kwenye begi. Piga picha kila cheti, zitume kwa kaka. Humo humo weka simu, chaja, dawa zako kama unazo unazomeza, malapa, mswaki, kipande cha sabuni, khanga moja na nguo ya kubadili. Basi likipotea na begi lako usiku huo, bado utaoga, utalala na kesho yake utajisajili.

Ukimaliza, fanya jaribio hili mbele ya mama. Vaa mkoba, vuta begi kwa mkono mmoja, ndoo mkono mwingine, tembea kutoka nyumbani mpaka njia panda na urudi bila msaada wa mtu. Kama umetua mzigo zaidi ya mara moja njiani, bado umezidisha. Hapo mama ataona kwa macho yake, na hutahitaji kubishana.

Pasi, ekstensheni, fagio na vifaa vya kudeki usivinunue kabla ya kuongea na wenzako. Wanafunzi wapya hawakawii kufungua kundi la WhatsApp, na yule dada wa kwaya atajua pa kuwatafuta. Chumba kimoja hakihitaji pasi nne. Kwa kuwa pasi tayari mnayo, jitolee wewe kuileta na mwingine alete ekstensheni. Feni ndogo ya mezani mtachangiana mkifika, nami nakuhakikishia wewe wa Njombe utakuwa wa kwanza kutoa mchango.

Zimebaki Sh 160,000. Mwombe mama asimamishe manunuzi hapo. Chandarua na kufuli vinunuliwe Njombe, hivyo tu. Zilizobaki ziwe kwenye simu yako, na kidogo taslimu mfukoni mwa ndani kwa ajili ya njiani. Hizo ndizo godoro kama litatakiwa, feni, mto, nauli na chakula cha kungojea bumu.

Na mama umwambieje? Kwanza usimwambie mbele ya kaka wala majirani. Pili, usianze na kinachobaki, anza na kinachokwenda. Keti naye jioni moja, mwambie, "Mama, nataka tufungashe wote, wewe unipangie ndoo." Mpe ndoo yote, aijaze yeye. Mama aliyesafiri na begi la kuazima hataki kusikia kwamba mikono yake haihitajiki. Mwambie waziwazi kuwa hutachekwa kwa kuwa na begi moja, kwamba wanaopata tabu ngazini ni wale waliokwenda na tranka. Kisha mwombe aje akutembelee muhula wa pili, na kwamba siku hiyo atakuja na viazi vibichi, vya mavuno mapya, mkapike pamoja kwa mama mdogo Kimara. Machozi yake ya jana hayakuwa ya beseni, mwanangu. Asiye na maneno ya kuagana hununua vitu.

Baba naye, kabla ya kulifunga tranka, mwombe akuandikie jina na namba ya simu kwenye begi na kwenye ndoo kwa rangi ile ile nyeupe. Atafurahi, na mabegi meusi yanayofanana kwenye buti la basi ni mengi.

Kaka asikusindikize. Nauli yake ya kwenda na kurudi ni godoro. Aje stendi ya Njombe, asimamie begi na ndoo vikiingia kwenye buti, ahakikishe umepewa kipande cha namba ya mzigo, aende zake. Njiani shuka wanaposhuka watu, lakini mkoba shuka nao. Ruaha Mbuyuni watakuletea vitunguu dirishani, vizuri na vya bei nzuri. Usinunue.

Mtaingia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis pengine giza limeshaingia. Kuna vijana watakaoshika begi lako kabla hujasema neno. Usimpe mtu begi kwa sababu amekuita dada. Mpigie mama mdogo mkifika Kibaha, ndipo atoke Kimara, na akusubiri ndani ya stendi, si barabarani. Hosteli mtakwenda kesho yake asubuhi, kwa bajaji moja.